Kikao kila asubuhi, ubao umejaa kadi, na hakuna kinachoisha. Tunakosea wapi?

mjukuu_wa_Ujiji · Jumanne, saa 3:40 usiku

Wakuu, heshima kwenu. Humu mimi ni msomaji wa kimyakimya, ila leo maji yamenifika shingoni.

Tuko watano, ofisi yetu ni fremu mbili hapa Mwanga, Kigoma, katikati ya fundi cherehani na kijana anayechomelea mageti. Kiongozi wa timu ni mimi, maana yake lawama zote zinaishia kwangu. Developa, yaani waandika programu, tuko watatu, yupo dada wa kupima, na kaka anayezunguka kwa wateja. Tunatengeneza mfumo wa kumbukumbu za wanunuzi wa dagaa: nani kaleta mzigo, beseni ngapi, kalipwa shilingi ngapi, anadaiwa mafuta kiasi gani aliyokopeshwa kabla ya kuingia ziwani. Wanaotumia ni wanunuzi kumi na wawili, wengi wa Kibirizi, wachache wa Katonga.

Mwanzoni mwa 2024 bosi alileta mkufunzi kutoka Dar. Siku mbili, chai na maandazi. Tulifundishwa ajaili, ile namna ya kutengeneza programu kidogo kidogo huku ukimwonyesha mteja, tukabaki na vyeti, ubao mweupe na stika za rangi nne. Tangu hapo tunafuata kila tulichoambiwa. Sprinti, yaani awamu ya kazi, ya wiki mbili. Kikao cha kusimama saa 2:30 asubuhi. Kazi tunazikadiria kwa namba, na kila baada ya Ijumaa mbili tunajitathmini.

Leo jioni kabla sijafunga mlango nimehesabu kadi (stika moja, kazi moja) zilizoko kwenye safu ya "Inaendelea". Ishirini na tatu! Watu watano. Kuna moja ya risiti kwa SMS, stika yake ilikuwa ya pinki, sasa hivi imepauka kwa jua la dirishani hadi imekuwa rangi ya uji. Kikao cha kusimama kinafika dakika arobaini, na siku hizi tunakaa. Kila mtu ana beti yake: "Jana niliendelea na ile, leo nitaendelea nayo, sina kikwazo." Fundi cherehani juzi kaniuliza, "Dada, hivi ninyi kila asubuhi mnaswali nini humo ndani?"

Kinachoniuma hasa ni hiki. Mwaka huo huo wa 2024 Ziwa Tanganyika lilipumzishwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Wateja wetu wakawa hawana mzigo wa kuandika. Sisi tukaona neema: miezi mitatu bila simu za usumbufu! Tukajenga. Sprinti sita, zote za kijani kwenye chati ya bosi. Ripoti ya kilo kwa siku, kilo kwa wiki, grafu, makadirio ya faida. Toleo la zamani lilikuwa na beseni, sisi ndio tuliolitoa, tukaona kilo ndiyo ya kisasa.

Ziwa lilipofunguliwa nilishuka Kibirizi alfajiri, nikamwonyesha mama mmoja mnunuzi wa siku nyingi. Akaishika simu mbali kidogo na macho, kama mtu anayesoma chupa ya dawa, kisha akaniuliza taratibu: "Mwanangu, hizi kilo nazipimia wapi?" Mzani hana. Hapo ufukweni dagaa wabichi wanahesabiwa kwa beseni, na yeye beseni zake anazijua kama anavyowajua wajukuu zake. Nikapanda bodaboda nikarudi Mwanga bila neno.

Swali langu: je, hizi njia ni za makampuni makubwa na sisi tunavaa koti la mtu, au kuna kitu tumekiruka? Bosi anasema tuongeze mtu wa sita. Mwenzangu wa seva anasema tutupe ubao, turudi tulivyokuwa. Na tafadhali msiniambie nikasome mwongozo wa Skramu, hiyo njia ya ajaili yenye sprinti. Nimeusoma.

---

kodi_na_kahawa · Jumanne, saa 4:15 usiku

Mkuu, umeibiwa na kushukuru umeshukuru. Mwaka 2001 watu kumi na saba walikutana kwenye hoteli ya watelezaji theluji huko Utah, Marekani, wakaandika tamko la hiyo ajaili, maneno yasiyojaza hata ukurasa mmoja. Walisema nini? Watu na mazungumzo kwanza kabla ya taratibu na vifaa. Programu inayofanya kazi kwanza kabla ya makaratasi. Leo hayo maneno yamezaa vyeti, ada, na watu wenye kazi ya kuuliza wenzao "umefikia wapi". Futa vikao vyote. Mwenzako wa seva ana akili.

---

mjukuu_wa_Ujiji · Jumanne, saa 4:31 usiku

Asante, lakini tulivyokuwa zamani napakumbuka. Wawili wetu walitengeneza kitu kimoja wiki nzima, kila mtu kivyake, bila kujuana. Na wanatumia meza moja.

(Na mimi ni dada, si mkuu. Haina shida.)

---

Mzee_wa_Njiapanda · Jumatano, saa 11:50 alfajiri

Binti yangu, salamu kutoka Tabora. Nimeamka kuswali, nikasoma habari yako, nimeona nikujibu kabla hata chai haijachemka.

Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa stesheni. Reli yetu ya zamani, hii ya mita moja, ni njia moja tu, na hapa Tabora ndipo inapogawanyika: moja inakuja kwenu Kigoma, nyingine inapanda Mwanza. Kwenye njia moja kuna sheria ambayo haina mjadala. Treni haiingii kwenye kipande mpaka iliyomo itoke. Hata iwe na abiria elfu wanaopiga kelele, itasubiri stesheni. Mtoto mdogo nilikuwa naona huo ni uvivu wa baba. Sasa ninyi mmeingiza treni ishirini na tatu kwenye kipande kimoja, kila moja ina dereva anayesema "sina kikwazo".

Tufanye hesabu, maana hii si falsafa. Nikisoma maelezo yako nakisia mnamaliza kadi nne kwa wiki, utanisahihisha. Mwaka 1961 mtaalamu mmoja wa hesabu wa Marekani, John Little, alithibitisha kitu ambacho mwenye kinyozi yeyote anakijua: ukigawa idadi ya walioko ndani kwa idadi wanaotoka kila wiki, unapata muda ambao mmoja atakaa humo kwa wastani. 23 kwa 4 ni karibu wiki sita. Mteja akikuomba kitu leo, kabla hujashika kibodi tayari umeshampa wiki sita. Sasa weka kadi sita badala ya ishirini na tatu. Watu ni wale wale, mwendo ni ule ule. Wiki moja na nusu.

Hiyo ndiyo kanbani. Neno ni la Kijapani, maana yake kibao tu, ubao wa tangazo. Taiichi Ohno wa Toyota alikwenda Marekani mwaka 1956 kutazama viwanda vya magari, lakini kilichomkaa kichwani zaidi ni maduka makubwa ya vyakula. Rafu haijazwi mpaka mtu achukue kitu. Yeye akasema kiwandani iwe hivyo hivyo, wa nyuma asitengeneze mpaka wa mbele achukue. Na katika aina saba za upotevu alizozihesabu, aliyoiona mbaya kupita zote ni kutengeneza kabla ya kuhitajika, kwa sababu inazificha nyingine. Ile miezi yenu mitatu ya ziwa kufungwa ndiyo hiyo, mlijaza rafu wakati duka limefungwa.

(Njia hiyo ya Toyota Wazungu baadaye waliipa jina la "lean", linalotamkwa "lini". Mimi nawaambia vijana wangu jina limeangukia pake, ndilo neno analoanza nalo mteja kila akipiga simu.)

Kuhusu mtu wa sita, mwambie bosi taratibu. Fred Brooks, aliyesimamia mfumo endeshi wa mashine za IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kazi ya programu iliyochelewa ukiiongezea watu unaichelewesha zaidi. Watu wapya wanafundishwa na nani? Na wale wale walioelemewa.

Mwongozo umeusoma, sawa. Lakini pengine mkufunzi wenu alisoma wa zamani. Yale maswali matatu ya jana, leo na kikwazo yaliondolewa kwenye toleo la Novemba 2020. Kikomo cha robo saa kwa kikao kimebaki. Kesho asubuhi msiulize mtu amefanya nini. Simameni mbele ya ubao, anzieni kulia, kwenye kadi iliyo karibu kabisa kuisha, muulizane: hii inahitaji nini itoke leo? Kisha inayofuata. Mkifika kushoto mmechoka, basi, kushoto kuna haraka gani?

Mimi niko kwenye mifumo ya vyama vya msingi vya tumbaku. Msimu wa masoko ukianza hakuna utani huku, mkulima anataka kuona hesabu yake ya pembejeo iliyokatwa hapo hapo. Tulichapwa miaka miwili ndipo tukapunguza. Chai imechemka.

---

kodi_na_kahawa · Jumatano, saa 2:05 asubuhi

Mzee, kwa hili la kadi sita nakuvulia kofia. Ila umempa reli, duka na kinyozi, bado gari la ng'ombe tu.

---

mjukuu_wa_Ujiji · Jumatano, saa 1:20 usiku

Shikamoo mzee. Wiki nzuri tunamaliza nne, wiki mbaya mbili. Kwa hiyo hesabu yako ilikuwa ya huruma.

Asubuhi tumejaribu kuanzia kulia. Dakika kumi na moja. Lakini tumegundua jambo la aibu. Safu ya "Kupimwa" ilikuwa na kadi tisa, na dada wa kupima ni mmoja, ana simu moja, tena mpya. Sisi watatu tumekuwa tunammwagia kazi na kuchukua nyingine, tunajiona wachapakazi. Nilipomuuliza kwa nini hakusema akajibu, "Si mliuliza kikwazo? Mimi sina kikwazo, mimi nina kazi."

Ila nina wasiwasi. Nikiweka kikomo cha sita, kuna siku developa atakaa bure. Bosi akipita akamkuta mtu anachezea simu itakuwaje?

---

Mzee_wa_Njiapanda · Jumatano, saa 2:45 usiku

Marahaba. Atakaa bure siku mbili za kwanza, kisha atachoka kukaa, atakwenda kumsaidia dada kupima. Hapo ndipo unapotaka afike. Sakichi Toyoda, baba wa aliyeanzisha kampuni ya magari, alitengeneza mtambo wa kufuma unaosimama wenyewe uzi ukikatika. Kiwandani mashine iliyosimama inatisha kwa macho, lakini ile inayoendelea kufuma uzi ukiwa umekatika inaharibu jora zima. Bosi akiuliza, mwonyeshe ile stika iliyopauka.

---

mtoto_wa_Kibirizi · Alhamisi, saa 5:10 asubuhi

Naomba niingie, mimi programu sijui ila dagaa nawajua, nimesomeshwa nao mpaka kidato cha sita.

Dada, hiyo kazi yenu mkiimaliza mnawaonyesha wateja siku gani?

---

mjukuu_wa_Ujiji · Alhamisi, saa 7:02 mchana

Mwisho wa sprinti, Ijumaa saa 9 alasiri. Tunawaalika ofisini. Hawaji. Akija mmoja anasinzia.

---

mtoto_wa_Kibirizi · Alhamisi, saa 7:30 mchana

Lazima asinzie! Mnunuzi yuko ufukweni tangu mitumbwi haijatua, alfajiri. Asubuhi yote anaanika, anageuza, anaangalia mawingu. Saa 9 alasiri kama si kulala ni kuanua. Na Ijumaa ina mambo yake, hasa kwa watu wa Ujiji.

Wewe ni mjukuu wa Ujiji, umesahau mwezi? Dagaa wanavuliwa kwa taa. Zamani karabai, siku hizi balbu za betri na sola. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti kitu, mitumbwi inapumzika siku kadhaa, watu wanashona nyavu, wanalipana madeni, wanagombana. Hizo ndizo siku za kumkuta mama yako amekaa kwenye mkeka ana muda. Wiki zenu mbili mbili zinaangukia popote, leo gizani, kesho mbalamwezi. Ikiangukia gizani hamna mtu.

---

kodi_na_kahawa · Alhamisi, saa 8:14 mchana

Hapo nina shaka. Mwezi mzima bila kumwona mtumiaji ni kurudi kule kule kwa ziwa kufungwa. Watajenga kilo tena.

---

Mzee_wa_Njiapanda · Alhamisi, saa 12:40 jioni

Kijana wa Kibirizi amenifundisha kitu, na wa kahawa naye ana haki. Tenganisheni mambo mawili ambayo mkufunzi aliyafunga kamba moja. Kupandisha toleo ni jambo moja, kukaa na watu ni jingine. Kadi ikiisha ipandisheni siku hiyo hiyo kwa mnunuzi mmoja tu, yule mwenye uvumilivu, hata iwe Jumanne gizani, na kaka yenu wa kuzunguka asimame pembeni aangalie kidole chake kinakwama wapi. Asimweleze, aangalie tu. Kikao kikubwa cha wote kumi na wawili kiwe mbalamwezi. Mwezi wa angani ni siku ishirini na tisa na nusu, na mwongozo unasema sprinti isizidi mwezi mmoja. Hamjavunja sheria yoyote, kama kuna anayejali.

---

mjukuu_wa_Ujiji · Jumapili, saa 10:20 jioni (wiki tano baadaye)

Wakuu, niliahidi moyoni kurudi.

Kwanza tulipunguza kadi, na ilikuwa ugomvi. Tulizibandua zote ishirini na tatu, tukazimwaga mezani. Kumi na moja tulizitupa kabisa. Kati ya hizo, tatu hakuna aliyekumbuka nani aliziomba, na moja ilikuwa imeandikwa "rekebisha ile ya Juma" wakati hatuna mteja wala mwenzetu anayeitwa Juma. Sita zimebaki ubaoni. Nyingine ziko kwenye bahasha, na ufunguo wa droo ninao mimi.

Mwenzangu wa seva alikaa bure siku mbili kama mzee alivyotabiri, siku ya tatu akanuna, siku ya nne akachukua simu ya zamani ya mdogo wake, iliyopasuka kioo, akaanza kupima naye. Mpaka jioni alikuwa amekuta hitilafu saba ambazo kwenye ile simu mpya hazionekani. Saba! Wateja wetu wengi wana simu za aina hiyo.

Ile ya pinki ya risiti kwa SMS. Tulipoishika peke yake tukakuta programu yake iliandikwa zamani, ikapimwa, ikapita. Ilikuwa inasubiri kitu kimoja, bosi alipie kifurushi cha SMS. Miezi yote ile, na kila asubuhi mtu alisimama pale akasema "sina kikwazo". Nilitamani kucheka, nikashindwa.

Bosi bado anataka chati yake ya kijani. Namchorea. Nimeongeza mstari mmoja chini, siku ngapi tangu mteja aombe mpaka atumie. Ya kwanza ilisoma 41. Ya wiki iliyopita 9. Kuna iliyosoma 16, hiyo tulijichanganya wenyewe, tuliifungua kabla ya kumaliza nyingine. Chati ya kijani haulizii sana siku hizi. Suala la mtu wa sita limelala, sijui kama limekufa.

Mbalamwezi iliyopita tulishuka Kibirizi na maandazi, safari hii tumenunua wenyewe. Walikuja tisa kati ya kumi na wawili. Mama yule yule aliichukua simu, akaanza kuingiza beseni, haiingii. Anabonyeza, haiingii. Nikataka kumsaidia, kaka yetu akanibana kiwiko, ndipo nikaona: vidole vimelowa na vina magamba, kioo hakisikii. Akaifuta kwenye kitenge, ikaingia mara moja, akalowa tena. "Mimi hapa sishiki simu mpaka nimalize kuhesabu," akasema, "nahesabu kwa daftari, naandika nikikaa." Sisi tulikuwa tumejenga kila beseni iingizwe inapotua, na saa yake, na dakika yake.

Kwa hiyo sasa kuna sehemu moja tu: jina, idadi ya beseni, hifadhi. Ilichukua siku tatu, na zile saa na dakika tumezifuta. Ameitumia gizani lote hili, mara mbili amepiga simu kulalamika, mara moja kupongeza. Daftari hajaliacha na sijamwomba aliache.

Mbalamwezi ijayo ameniambia nije na mtu mwenye kujua hesabu za madeni ya mafuta, maana hapo ndipo wanapogombana kweli. Mzee, kama kwenu kwenye tumbaku mna namna ya kuonyesha makato ya pembejeo ambayo mkulima anaielewa bila kuelezwa, nitumie hata picha ya karatasi.

Kadi ubaoni leo: sita. Moja niliibandika mimi kwa jina la bosi, imeandikwa "SMS, kifurushi kinaisha Alhamisi".